Dawa ya Saratani na Figo Iliyobaki

Saratani ya njia ya juu ya mkojo huota ndani ya figo, pale mkojo unapokusanyika, au kwenye mrija unaoupeleka kibofuni. Ikiwa kali, mpasuaji huondoa figo nzima, mrija wote na kipande cha kibofu pale mrija unapoingilia. Sisplatini, dawa kuu ya saratani hii, hutolewa mwilini na figo na huziumiza. Mgonjwa sasa amebaki na moja.

Utafiti wa POUT, ulioongozwa na Dk. Alison Birtle nchini Uingereza, haukulikwepa jambo hilo. Kuanzia 2012 hadi 2017, wagonjwa 261 waligawanywa kwa bahati nasibu baada ya upasuaji. Nusu waliendelea kufuatiliwa tu kliniki, kama ilivyokuwa desturi. Nusu walipangiwa mizunguko minne ya tibakemikali, kila mmoja wiki tatu. Siku ya kwanza mgonjwa alitundikiwa jemsitabini pamoja na dawa ya jamii ya platini, siku ya nane jemsitabini peke yake. Platini ipi? Figo iliyobaki ndiyo iliyoamua. Ikichuja mililita 50 au zaidi kwa dakika, sisplatini; kati ya 30 na 49, kaboplatini, ambayo haiitesi figo kiasi hicho.

Uamuzi huo ndio ninaouheshimu kuliko yote. Utafiti ungeng'ang'ania sisplatini pekee, ungewafungia mlango wazee wengi wenye figo zilizochoka, na hao ndio ambao ugonjwa huu huwaandama.

Miaka mitatu baadaye, asilimia 71 ya waliopangiwa dawa walikuwa hai bila saratani kurudi; waliofuatiliwa tu, 46. Usajili ulisitishwa mapema kwa sababu faida ilikwisha kuonekana. Haikuja bure: asilimia 44 ya waliotibiwa walipata madhara makali. Kwa waliotumia kaboplatini, faida ilionekana ndogo zaidi na haikuthibitika kwa takwimu zao peke yao.

Kwa nini basi dawa isitangulie kisu, figo zikiwa bado mbili? Kikwazo ni kinyama cha vipimo. Kinachonyofolewa kwa kamera nyembamba huwa kidogo mno kuonyesha saratani imezama kiasi gani, hivyo mwenye uvimbe wa juujuu anaweza kubebeshwa sumu asiyoihitaji. Hata hivyo, picha zikionyesha uvimbe mkubwa na figo ya pili ikiwa dhaifu, naona dawa itangulie: baada ya upasuaji, huenda mgonjwa huyo asiweze tena kupewa sisplatini.