Paka, Mpunga na Samaki Mmoja: Kijiji cha Wabugis Kinavyojisimulia

Paka kala samaki wa watu. Mama mwenye nyumba kakasirika, kampiga, na paka kakimbilia darini. Huko juu ndiko mpunga wa nyumba nzima unakohifadhiwa. Mpunga umesikia kelele zote, na umeumia. Sasa unafungasha virago.

Hicho ndicho kiini cha Meong Mpalo Karellae, kisa cha Wabugis wa Sulawesi Kusini, Indonesia. Jina ni la paka mwenyewe, paka wa mabakabaka, mlinzi wa Sangiang Serri, ambaye ndiye roho na malkia wa mpunga. Paka anapigwa Maiwa, na kuanzia hapo wawili hao wanatangatanga kijiji hadi kijiji wakitafuta watu wenye adabu. Kila wanapofika wanakuta ugomvi, uchoyo, chakula kinachezewa. Barru ndiko wanakopokewa kwa heshima. Hata hivyo Sangiang Serri amechoka na binadamu, anapanda mbinguni kushtaki. Mbinguni wanamsikiliza, kisha wanamwambia arudi duniani, kwa watu wale waliomtunza.

Mimi nimekisoma kwa tafsiri, na nasema bila kuzunguka: ukitaka kujua kijiji cha Wabugis kinawaza nini, anza na kisa hiki kabla ya utenzi wao mkubwa.

Utenzi mkubwa ni La Galigo, na sifa zake zinastahili. Ni miongoni mwa tungo ndefu kuliko zote duniani. Katika karne ya 19 mwanamke msomi wa ukoo wa kifalme, Colliq Pujié, alimnakilia Mholanzi B. F. Matthes mabuku 12, kurasa 2,851, na hapo kisa kilikuwa kimefika kama theluthi tu. Mabuku hayo yako Leiden, na mwaka 2011 UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Mwaka 2004 Robert Wilson aliupandisha utenzi huo jukwaani Singapore. Ndani yake mna Sawerigading anayempenda dada yake pacha, mna mti wa ajabu unaoangushwa ili kujenga merikebu, mna safari ya kwenda kuposa nchi ya mbali. Sawa. Lakini hebu jiulize: humo ndani anapika nani? Nani anapalilia? Watu wa kawaida wapo, ila wapo kama umati, wabebaji na wapiga makasia. Ni utenzi wa majumba ya wakubwa.

Hata mpunga humo ni mali ya wakubwa. Asili yake, kwa mujibu wa La Galigo, ni binti wa Batara Guru, mfalme wa kwanza aliyeteremka kutoka mbinguni. Mtoto alifariki baada ya siku saba tu, na juu ya kaburi lake ukaota mpunga. Ndiye Sangiang Serri. Yaani mkulima akila wali anakula mwili wa mtoto wa mfalme. Kisiasa hilo si dogo: njaa ikiisha, shukrani iende ikulu.

Sasa angalia kisa cha paka kinavyofanya. Kinamchukua binti yuleyule wa mfalme na kumweka kwenye dari ya nyumba ya mtu asiye na jina. Hatima yake haiko tena mikononi mwa miungu peke yao. Inategemea samaki mmoja na hasira za jikoni. Kwangu mimi huo ndio ujasiri wa kisa hiki.

Ili uone uzito wa jambo, ijue nyumba ya Kibugis. Imesimama juu ya nguzo za mbao na ina ngazi tatu. Juu ni rakkeang, dari ya mpunga na vitu vya urithi. Katikati wanaishi watu. Chini, baina ya nguzo, ni mahali pa mifugo, zana na kazi za mchana. Ngazi hizo ni mfano wa ulimwengu wenyewe: mbingu, dunia, kuzimu. Kwa hiyo paka anapokimbilia darini, hakimbilii stoo tu. Amepanda mbinguni na kesi mkononi, na chini yake familia inaendelea kula kama hakuna lililotokea. Sisi tunasema paka akiondoka panya hutawala. Wabugis wanaongeza jambo: paka akiondoka, na mpunga unaondoka naye.

Halafu kuna namna kinavyosomwa. Usiku wa kuamkia kusia mbegu, kijiji hukesha. Mkesha huo wanauita maddoja bine, na mbegu inakesha pamoja na watu. Msomaji anakisoma kwa sauti ya kuimba, na msikilizaji mkuu ni mbegu. Wanadamu wanasikiliza pembeni, wakisikia mbegu inavyosimuliwa mabaya yao. Mtu aliyempiga paka jana yuko hapo hapo. Ni kitabu gani chetu kinathubutu kumsomea mlaji mashtaka yake mbele ya chakula chenyewe?

Mwandiko nao una neno lake. Hati ya lontara haiandiki konsonanti ya mwisho wa silabi wala mkazo wa konsonanti, hivyo neno moja lililoandikwa laweza kusomeka kwa njia kadhaa. Asiyekijua kisa tayari atakwama. Msomaji wa tenzi zetu za hati ya Kiarabu anajua taabu hiyo: usipoujua utenzi, karatasi haitakusaidia sana. Kitabu kama hicho hakitoki kijijini peke yake, lazima kitoke na mtu.

Basi nimesifu. Sasa ugomvi wangu.

Kisa hiki kinamwonea mama wa jikoni. Samaki ni mmoja, yeye ndiye atakayeulizwa kitoweo kiko wapi, na akimchapa paka dunia nzima inakosa wali. Njaa ya kijiji inageuzwa kuwa kosa la tabia, na tabia yenyewe ni ya mwanamke. Ardhi ya nani? Mavuno yanagawanywa vipi? Paa la nyumba ya Kibugis lenyewe lina jibu: idadi ya tabaka za pembe yake ya mbele hutangaza cheo cha mwenye nyumba, na mkulima wa kawaida hajipangii ngapi atakazo. Kuhusu hayo paka hasemi kitu.

Lakini nikirudi tena kukisoma, naona kisa hakijamwachia mkubwa moja kwa moja. Barru haisifiwi kwa upole wa wanawake tu. Inasifiwa kwa kuwa na kiongozi mnyoofu, kwa kuwa mwenye kauli na asiye na kauli wanaishika adabu ileile. Wabugis wana wazo la zamani kwamba mtawala akiwa mwongo mpunga haukui. Kisa kinalibeba wazo hilo, ila kwa sauti ya chini mno. Ningependa lingepigiwa kelele kama alivyopigiwa yule mama.

Na kelele zilikuja baadaye, kutoka upande mwingine. Kati ya 1950 na 1965 Sulawesi Kusini iliwaka uasi wa Kahar Muzakkar. Vijiji vilichomwa, watu wakakimbia, na mila kama hizi zikawindwa kwa jina la dini, ingawa Wabugis ni Waislamu tangu mwanzoni mwa karne ya 17. Bissu, makuhani wa mila hizo, waliteswa. Kisa cha paka kilinusurika. Kilichofuata ndicho kigumu zaidi. Zamani suke lilikatwa moja moja kwa kisu kidogo cha kiganjani, yakafungwa mafungu, yakapandishwa darini. Zilipokuja mbegu fupi za kuiva haraka, ikaja mundu, mpunga ukapurwa shambani, ukatiwa guniani na kwenda mashineni. Mavuno yaliongezeka, na watu walikula. Nani atalaumu? Ila dari imebaki tupu.

Hapo ndipo nakwama kama msomaji. Kiswahili chetu kinatofautisha mpunga, mchele na wali, kana kwamba ni viumbe vitatu. Kisa hiki kinadai ni mtu mmoja, na kwamba alisikia ulichosema jana ukiwa jikoni. Mpunga ukihama dari kwa lori, si kwa kukasirika, kisa kitamshtaki nani?

Sina jibu. Ninachojua ni kwamba tangu nikisome, nikiona punje zimemwagika kando ya jiko naziokota. Na paka wa jirani, juzi kaniibia kibua. Nimemwacha.