Gari Likishaondoka: Jinsi ya Kuitambua Huduma Shufaa Iliyo Bora

Jengo lisikupumbaze. Hospisi ya kwanza ya zama hizi, St Christopher's, ambayo Cicely Saunders aliifungua London mwaka 1967, ilikuwa na wodi na vitanda, na picha hiyo ndiyo watu wengi huenda nayo wanapomtafutia mzazi wao msaada: nyumba tulivu, bustani, manesi wanaotembea bila kelele. Afrika Mashariki kazi hii ya huduma shufaa, yaani kumpunguzia mgonjwa wa ugonjwa mzito maumivu na mateso, ilishika njia nyingine. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990 katika uwanja wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Miaka mitatu baadaye Dkt. Anne Merriman, aliyekuwa amefanya kazi hapo, akaanzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Nguvu yao haikuwa vitanda. Ilikuwa muuguzi, mkoba wa dawa na gari la kwenda majumbani. Mgonjwa hubaki kwake, na anayemuuguza ni mkewe, binti yake, au shemeji aliyeitwa kutoka kijijini.

Piga hesabu. Wahudumu wakija mara moja kwa juma wakakaa saa moja, saa 167 zinazobaki ni za familia. Ndiyo maana mimi hutumia kipimo kimoja tu, na mengine yote huyaning'iniza hapo: gari likishaondoka, nyumbani kumebaki nini?

Anza kwa kusikiliza wanavyouliza. Sisi ni watu wa salamu, na salamu zetu zimejengwa kuficha ubaya. Mzee aliyelala na saratani ya mifupa ukimwuliza anaendeleaje atakujibu alhamdulillahi, au nafuu kidogo, mwanangu, kwa sababu hivyo ndivyo mtu mwenye adabu anavyomjibu mgeni. Muuguzi mbovu huandika "hana maumivu" akafunga faili. Muuguzi mzuri hupokea salamu, akavuta kigoda, akakaa usawa wa macho ya mgonjwa, ndipo aanze upya: jana usiku ulilala saa ngapi? Kipi kilikuamsha? Nionyeshe kwa kidole panapouma. Kisha atamwomba apime kwa mkono wake mwenyewe: ngumi iliyofumbwa ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Nimeona wazee waliosema "salama" kwa mdomo wakainua vidole vinne.

Jumuiya ya huduma shufaa ya Afrika, APCA, yenye makao yake Kampala, ina dodoso la maswali kumi kwa kazi hii. Saba ni ya mgonjwa, na hayaishii kwenye maumivu: huulizwa pia wasiwasi wake, kama amepata mtu wa kumweleza yaliyo moyoni, kama ana amani. Matatu ya mwisho ni ya anayemuuguza, na hayo ndiyo mimi huyaangalia zaidi. Je, umeelezwa vya kutosha? Unajiamini kumhudumia? Una wasiwasi kiasi gani? Kituo kinachomwuliza mgonjwa peke yake kimesahau nani atakuwa macho saa tisa usiku. Si lazima watumie karatasi hiyo. Ila sikiliza kama yupo anayemgeukia yule binti aliyesimama mlangoni na kumwuliza, "Na wewe, dada, unalala?" Mara nyingine jibu la swali hilo ndilo linalofichua kwamba msichana wa kidato cha pili ameacha shule kimyakimya ili amuuguze mama yake, na hapo kazi ya wahudumu imeongezeka.

Sasa tuje kwenye chupa, kwa maana hapa ndipo dakika tano zinatosha kujua umekutana na nani. Morfini ya maji, dawa ya kutuliza maumivu makali, ndiyo nguzo ya kazi hii. Si dawa ya gharama kubwa: unga wake huchanganywa na maji safi na kihifadhi, ukatiwa kwenye chupa za plastiki. Mara nyingi hutiwa rangi pia, na rangi hiyo si urembo. Hutenganisha chupa hafifu na chupa kali ili mtu asikosee gizani. Swali la kwanza: ipo? Ipo leo, au "tumeagiza"? Kituo kinachokosa morfini mwezi baada ya mwezi huenda kinafanya kazi nyingine ya heshima, lakini si hii. Swali la pili: nani ana ruhusa ya kuiandika? Uganda ilibadili kanuni zake mwaka 2004 ili wauguzi na matabibu waliosomea huduma shufaa waweze kuiandika wenyewe, na hatua hiyo ilifungua mlango kwa wagonjwa wa vijijini ambao daktari wa karibu yuko mbali kwa siku nzima ya safari. Mahali ambapo ni daktari tu anayeruhusiwa, uliza daktari huyo huja lini, na asipokuja inakuwaje. Swali hili liulizwe hasa kwa kampuni zinazotuma wauguzi majumbani katika miji yetu mikubwa. Nyingi zina wasichana wapole na sare nzuri, lakini mwisho wa uwezo wao ni paracetamol.

Kisha tazama inavyotolewa. Nguvu ya morfini ya maji hudumu saa nne hivi, kwa hiyo hunywewa kwa saa, maumivu yawepo yasiwepo. Ukisikia "mpe akiumwa", basi, bila ratiba, umeshapata jibu lako. Mwenye kuijua kazi huandika saa kwa kalamu nene ambayo hata bibi ataisoma: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku dozi maradufu, ili mgonjwa na anayemuuguza wote walale hadi alfajiri. Huongeza dozi ya akiba kwa maumivu yanayozuka katikati, na akirudi huuliza ilitumika mara ngapi. Ikiwa imetumika kila siku mara kadhaa, ratiba yenyewe ni hafifu na hupandishwa. Huuliza pia kuhusu mkojo na figo, na kwa mkongwe huanza chini. Akishaonyesha jinsi ya kupima kwa sirinji haondoki. Humkabidhi shangazi ile sirinji na kumwambia, "Haya, sasa wewe nipimie." Kwangu mimi sentensi hiyo moja inashinda vyeti vyote vya ukutani.

Pamoja na chupa lazima kuwe na dawa ya kulainisha choo, tangu siku ya kwanza. Morfini hufunga choo karibu kwa kila mtu, tena haizoeleki kama kichefuchefu na usingizi wa siku za mwanzo vinavyozoeleka. Nimesikia familia zikiilaani morfini kwamba imemvimbisha mgonjwa tumbo, kumbe aliyewakosea ni aliyeiandika bila dawa ya choo. Vidonge visipopatikana, mhudumu mwenye akili ana njia nyingine. Uganda wapo wanaokausha na kusaga mbegu za papai. Na familia itauliza kama baba atageuka teja. Swali hilo halistahili kuchekwa. Jibu zuri hutolewa kwa utulivu, kwamba dawa inayofuata maumivu kwa kipimo si ulevi wa kijiweni wala haimharakishi mtu kaburini, na hurudiwa kwa kila ndugu anayefika kutoka mbali, kwa sababu ndugu wa kutoka mbali ndiye huificha chupa.

Baada ya chupa, pua. Saratani ya matiti au ya shingo ya kizazi ikifika mbali hutoa kidonda chenye harufu, na harufu huwatenga watu kuliko ugonjwa wenyewe. Majirani hupunguza kuja, wajukuu hawaingii chumbani, mgonjwa huomba alazwe nyuma ya nyumba. Wahudumu wa kawaida hufungua dirisha. Wanaojua husaga vidonge vya metronidazole na kuunyunyiza unga wake juu ya kidonda kilichosafishwa kwa maji ya chumvi, na baada ya siku chache chumba kinaingilika. Dawa hiyo ipo karibu katika kila duka la dawa. Ukikuta kituo kisichoijua mbinu hii, jiulize ni mangapi mengine kisiyoyajua. Hapohapo kagua mdomo wa mgonjwa kama una utando mweupe, na mgongo na visigino kama vina wekundu. Vidonda vya kulala kwa mtu aliye chini ya huduma huonyesha kwamba hakuna aliyewafundisha wa nyumbani kumgeuza.

Kuna jambo ambalo familia nyingi hulielewa kinyume, nalo ni dripu. Mtu anapokaribia mwisho huacha kula, kisha huacha kunywa, na kwetu kumwacha mgonjwa bila uji ni kama kumtupa. Basi ndugu hudai dripu, na mhudumu anayetaka sifa huitundika. Maji ambayo mwili hauwezi tena kuyatumia huvimbisha miguu na kujaa kifuani, na koo likaanza kukoroma kwa namna inayowatisha wote. Mhudumu bora hukaa na familia kabla siku hiyo haijafika. Huwaambia njaa hiyo haimuumi kama wanavyodhani, huwapa kazi nyingine ya mapenzi, kulowesha midomo kwa pamba, kumpaka mafuta, kumgeuza ubavu, na huwaeleza pumzi zitakavyobadilika, zikikatika na kurudi. Nyumba iliyoelezwa hayo haimkimbizi mtu hospitali kwa bodaboda usiku wa manane ili afie kwenye benchi la mapokezi.

Na ukweli je? "Msimwambie mama," ndugu husema, na husema kwa upendo. Sipendi mhudumu anayetii amri hiyo bila neno, na simpendi vilevile yule anayeingia chumbani na kubwaga habari kama karani wa mahakama. Mwenye ujuzi humwuliza mgonjwa mwenyewe: mwenzangu, wewe unaonaje ugonjwa huu? Ungependa kujua kiasi gani? Mara nyingi mama anajua yote na amekuwa akiwakinga watoto, huku watoto wakimkinga yeye. Likishafunguliwa fundo hilo, wosia hutamkwa, shamba hugawanywa mbele ya mashahidi, deni hutajwa, shekhe au padri huitwa mapema badala ya kuitwa kwa mbio. Kumbuka hapa kuuliza kuhusu mganga na maombi. Mhudumu anayevibeza hataambiwa tena mgonjwa anakunywa mizizi gani, na mizizi mingine huumiza ini.

Kwa upande wa hospitali niseme kwa ufupi. Kituo kizuri hakimtengi mgonjwa na matibabu mengine. Kinajua, kwa mfano, kwamba maumivu ya mfupa ulioingiwa na saratani yanaweza kupoozwa kwa mionzi ya mara moja tu, na kina simu ya mtu katika Taasisi ya Saratani Ocean Road au Kenyatta wa kumpokea mgonjwa huyo. Kinapokea wagonjwa mapema, wakiwa bado wanatembea. Ukiona wote wanaoletwa hufa ndani ya juma moja, ama madaktari wa eneo hilo hawakiamini, ama chenyewe hakijawahi kwenda kuzungumza nao. Anayeahidi kuponya, mkimbie. Gharama ziulizwe siku ya kwanza bila haya, ikiwamo nani analipa mafuta ya gari.

Msiba nao ni sehemu ya kazi. Uliza wanafanya nini baada ya mazishi. Wazuri hurudi, labda baada ya arobaini au mwezi wa pili, wageni wakishatawanyika na mjane akibaki na vyombo vya watu. Hukusanya chupa za morfini zilizobaki ili zisizagae, lakini hukaa pia kunywa chai. Uliza vilevile kama wauguzi wana siku ya kukaa pamoja kuwazungumza waliofariki, na muuguzi wa siku nyingi amekaa hapo miaka mingapi. Mahali wanapobadilika kila msimu, kila mgonjwa hupata mwanafunzi.

Unaweza kuniambia haya ni maneno ya mtu mwenye vituo vitano vya kuchagua. Ni kweli, sehemu nyingi kipo kimoja tu, au ni muuguzi mmoja wa zahanati aliyewahi kupata mafunzo ya siku chache. Vipimo hivi bado vinakufaa, ila badala ya kuchagua unavitumia kudai. Omba ratiba ya dawa iandikwe, na kama imeandikwa kwa Kiingereza omba iandikwe tena. Omba kuonyeshwa namna ya kugeuza, kisha ugeuze wewe wakiangalia. Taja metronidazole. Uliza habari ya choo kabla hawajakuuliza. Wauguzi wengi wa hali hiyo hawakosi moyo. Wamekosa mtu wa kuwauliza, na familia inayouliza vizuri huwafanya wakatafute majibu kwa mkubwa wao wa wilaya.

La mwisho ni namba ya simu, kwa kuwa kila kituo hutoa namba. Jua ni ya mtu au ya ofisi, na ofisi ikifungwa saa kumi na moja jioni simu hiyo inakwenda wapi. Kisha ipigie usiku wa kwanza kabisa, kukiwa bado shwari, ukiwa na swali dogo la kweli, kama vile dozi iliyotapikwa irudiwe au isubiri. Usikilize ni nani anayepokea, na kama analijua jina la mgonjwa wako.