Msafiri wa Shanta na Kabati la Bibi: Kuisoma Upya In Patagonia

Kitabu cha Bruce Chatwin, In Patagonia, kilitoka mwaka 1977, na hadi leo wako vijana wanaokitia ndani ya shanta wanapokwenda kusini mwa Argentina na Chile kuona pwani zenye upepo na milima ya barafu. Wahakiki hukisifu kwa mambo mawili: mtindo wake, na ujasiri wake wa kuvunja kanuni za masimulizi ya safari. Sifa ya kwanza naikubali yote. Ya pili naikubali nusu, na makala haya yanahusu ile nusu nyingine. Naona kwamba Chatwin anapita katika nchi ile kama mkusanyaji wa vitu vya thamani. Ni mahali pamoja tu ambapo nchi inamzidi nguvu, akaketi na kusikiliza, na mahali hapo ni mbele ya kamusi.

Kwa wasiokisoma, msuko wake ni huu. Mtoto wa Kiingereza anaona kipande cha ngozi chenye nywele nyekundu ndani ya kabati la kioo la bibi yake. Anaambiwa ni ngozi ya mnyama mkubwa wa kale. Ilitumwa kutoka Patagonia na Charley Milward, nahodha aliyevunjikiwa meli kwenye mlango wa Bahari ya Magellan mwaka 1898, kisha akakaa Punta Arenas. Bibi anafariki, ngozi inatupwa. Mtoto anakua, anafahamu kwamba mnyama yule alikuwa milodoni, aina ya mnyama mvivu mkubwa aliyetoweka zamani sana. Basi anafunga safari kulitafuta pango ilikotoka ngozi ile. Anaanzia Buenos Aires, anashuka kusini kwa basi, kwa lifti za malori na kwa miguu. Analala kwenye mashamba ya kondoo, anapita kwa Wawelisi ambao wazee wao walifika kwa meli ya Mimosa mwaka 1865, anafika hadi Tierra del Fuego, kisha anageukia upande wa Chile, karibu na Puerto Natales, ambako pango lipo.

Yote haya yamepangwa katika sura 97, nyingine hazifiki ukurasa mmoja. Sentensi ni fupi, kavu, hazina mapambo. Mtu anaingia, anaelezwa kwa mavazi yake, samani zake na sentensi mbili alizosema, kisha sura inafungwa na barabara inaendelea. Sisi tunaofundishwa kuandika insha kwa kurundika tashibiha tungefaidika kuusoma ufupi huu. Mandhari ya nchi kavu ya upande wa Atlantiki, ile yenye vichaka, vumbi na upepo usiokoma, inapatikana kwa maneno machache mno, lakini msomaji anahisi mchanga mdomoni.

Tatizo linaanza hapo hapo kwenye ufupi. Kabla ya kuwa mwandishi, Chatwin alifanya kazi Sotheby's, nyumba ya mnada ya London, na jicho lake lilizoezwa kukitazama kitu, kukitambua na kukipa thamani upesi. Jicho hilo analipeleka kwa watu. Mwelisi mwenye kinanda, Mjerumani mwenye picha za zamani ukutani, Mwingereza mwenye shamba anayesikitikia kwao: kila mmoja amewekwa kwenye rafu yake, na amewekwa vizuri, nuru inamwangukia. Ila hakuna anayeruhusiwa kugeuka na kumwuliza mgeni swali. Kabati la bibi limekuwa kubwa, limemeza nchi nzima.

Angalia pia nafsi inayosimulia. Kitabu kinatumia nafsi ya kwanza, lakini hiyo "mimi" haina mwili. Hatuambiwi fedha za safari zimetoka wapi, wala mgeni huyu alijitambulisha vipi alipobisha mlango. Hapa napenda kumweka kando ya msafiri wetu wa zamani, Salim bin Abakari, Mngazija aliyeandika kwa Kiswahili habari za safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896. Masimulizi yake yamo katika Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa Carl Velten uliochapishwa mwaka 1901. Salim alikwenda kama mtumishi wa bwana Mjerumani, Dkt. Bumiller, na halifichi hilo. Msomaji anajua tangu mwanzo ni nani anayetazama, amesimama wapi, na amri ni ya nani. Najua kwamba Salim aliandika kwa kuombwa na kwamba nathari yake haina ufundi wa Chatwin. Hata hivyo, kwa jambo hili moja mtumishi ni mwaminifu kuliko bwana wa mtindo.

Nije sasa kwenye barafu. Msomaji anayekichukua kitabu hiki akitumaini kuona barafuto, yaani ile mito ya barafu inayoshuka polepole kutoka mlimani, atashangaa kuona jinsi zinavyopewa nafasi finyu. Patagonia ya kusini ina uwanja mkubwa wa barafu unaogawanywa na Argentina na Chile. Moja ya barafuto zake, Perito Moreno, ina upana wa kilomita 5 hivi pale inapoingia ziwani, na ukuta wake husimama mita 60 na zaidi juu ya maji. Wasafiri wa shanta huenda huko kusikiliza mapande yakikatika na kuanguka kwa kishindo. Chatwin hana haja nayo. Barafu haina hadithi ya ajabu ya kumwambia, haina samani, haina babu aliyetoroka Ulaya.

Mimi nimekulia Kasese, chini ya Rwenzori, kwa hiyo jambo hili sikulipita haraka. Wakonzo huiita theluji nzururu, na katika neno hilo ndimo linamotoka jina Rwenzururu. Kwetu theluji ya mlimani ni mwenyeji, ina heshima zake, ina uhusiano na Kitasamba, na watu wazima wanaweza kukuonyesha kwa kidole palipokuwa peupe walipokuwa watoto na pasipo peupe tena. Mwaka 1906 mtawala mdogo wa Abruzzi kutoka Italia alipanda, akashuka, na kilele kirefu kikabaki na jina la malkia wa kwao, Margherita. Patagonia nayo ina mlima ambao wenyeji Watehuelche waliuita Chaltén. Mwaka 1877 mpelelezi Francisco Moreno, ambaye barafuto niliyoitaja imepewa jina lake, aliupa jina la Fitz Roy, nahodha wa meli ya Beagle. Mandhari ya barafu ina historia ya watu ndani yake, lakini haisemi na anayepita kwa lifti ya mchana mmoja. Chatwin angehitaji kukaa.

Na kwa kweli yapo mahali pamoja barafu na damu vilipokutana, naye alipajua. Barabara inayotoka El Calafate kwenda Perito Moreno inapita karibu na shamba la La Anita. Mwezi Desemba 1921 wafanyakazi wa mashamba ya kondoo, waliokuwa wamegoma kudai hali bora, walijisalimisha hapo kwa askari wa Kanali Varela, kisha wengi wakapigwa risasi. Mwanahistoria wa Argentina, Osvaldo Bayer, alitumia miaka kukusanya ushahidi wa mgomo huo katika majuzuu kadhaa. Chatwin anaisimulia habari hiyo, tena anaisimulia vizuri, lakini kasi yake ni ile ile anayoitumia kwa majambazi wa Kimarekani waliojificha Cholila, Butch Cassidy na wenzake. Msomaji anatoka kwa wafu wa mgomo kama alivyotoka kwa jambazi: amefurahishwa na ugeni wa habari. Wahadhiri wetu hutufundisha kwamba toni ni sehemu ya maudhui. Hapa ndipo nilipouona ukweli wa somo hilo kuliko katika mfano wowote wa darasani.

Baada ya kusema hayo, lazima niipe haki yake sura ya kamusi. Thomas Bridges alikuwa mmisionari Mwingereza aliyehamia Ushuaia mwaka 1871 na kuishi na Wayaghan, watu wa mitumbwi wa kusini ya mwisho. Alipofariki mwaka 1898 aliacha kamusi ya mkono yenye maneno takriban 32,000 ya lugha yao. Kabla yake Darwin, aliyepita huko na Beagle, alikuwa ameandika kwamba usemi wa watu hawa ulikaribia kutostahili kuitwa lugha. Chatwin anawaweka wawili hao uso kwa uso, na hatoi hotuba. Anaacha maneno yenyewe yajibu. Anatuonyesha kwamba kwa Wayaghan neno la huzuni nzito ndilo lile lile la kaa aliyejivua gamba la zamani na bado anangoja jipya ligande. Theluji ya maji inashiriki neno na magamba ya samaki. Kisha anatoa wazo zito: kwamba watu hawa walizitumia nomino na vitenzi kama baharia anavyotumia nyota na mikondo, na huenda kila lugha ndivyo ilivyo.

Sijui mwanafunzi wa Kiswahili anayeweza kuisoma sura hiyo akatulia. Sisi tuna kaa, tuna magamba, na tuna lugha ya mabaharia inayojua jina la kila upepo. Pwani ya Lamu au Pemba hakuna haja ya kumweleza mtu maana ya kaa laini asiye na gamba, na sitiari ile ikitafsiriwa kwa Kiswahili hupata nguvu ambayo Kiingereza cha Chatwin hakina. Hapa kasi inashuka, jicho la mnada linafumba, sikio linafunguka.

Bado sikio hilo limefunguliwa kwa karatasi. Chatwin anakwenda kisiwa cha Navarino na anakutana na mzee Myaghan, lakini ziara ni fupi na ya huzuni, imeandikwa kana kwamba matanga yameshaanza. Wakati ule, mwaka 1975, Cristina Calderón alikuwa akiishi kisiwani humo, mwanamke wa miaka arobaini na kitu aliyezaliwa ndani ya lugha hiyo. Aliishi hadi Februari 2022. Mwaka 2005 hadithi za watu wake zilitoka kitabuni, kazi aliyoifanya pamoja na mjukuu wake. Kwa hiyo wakati msafiri alipokuwa akiilia lugha kupitia kamusi ya marehemu, lugha yenyewe ilikuwa ikipika chakula jirani. Simlaumu kwa kutokutana na mtu fulani, maana hakuna msafiri anayekutana na kila mtu. Namlaumu kwa umbo la sura zake, ambalo halina nafasi ya mwenyeji aliye hai na asiye wa ajabu.

Kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilitoka mwaka 1882, nayo pia ni kazi ya mmisionari. Tofauti ni kwamba wenye lugha tulibaki, tukaihoji, tukaisahihisha, tukaandika nyingine. Kama Kiswahili kingebaki ndani ya Krapf peke yake, na mgeni hodari akaja kukisifu kwa kurasa tatu nzuri, je, tungeziita kurasa hizo ukumbusho, au ngozi nyingine ndani ya kabati?

Kitabu kilipofika Patagonia baadhi ya waliotajwa ndani yake walilalamika: wengine walisema hawakusema vile, wengine kwamba maisha yao yalikatwa na kushonwa upya. Watetezi wake hujibu kwamba hii ni sanaa, na kwamba Chatwin hakupenda kugawa maandishi yake kati ya bunilizi na ukweli. Jibu hili halinitoshi. Katika riwaya mwandishi anamuumba mhusika na anamdai. Katika masimulizi ya safari mhusika alikaribisha mtu nyumbani, akamwandalia chai na nyama ya kondoo. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kitabu hiki anayepona ni mgeni.

Wenzangu darasani wamenijibu kwamba nadai mno, kwamba kitabu cha msafiri wa shanta hakiwezi kuwa ethnografia. Ni kweli. Sikidai kiwe hivyo, na ningekipa kila mwanafunzi anayetaka kuandika safari yake mwenyewe, awe anakwenda Bujumbura kwa basi au anapanda Rwenzori na wabeba mizigo. Achukue kutoka humo sentensi fupi na jinsi ya kuifunga sura. Halafu asome sura ya pangoni kwa makini: msafiri amefika mwisho wa safari ndefu, anapapasa vumbini, anapata nywele chache nyekundu za milodoni. Furaha yake ni ya kweli, ni ya mtoto aliyerudishiwa kilichotupwa. Nje ya pango ni nchi ya hori na barafu iitwayo Última Esperanza, nayo kwake ni njia ya kurudia bandarini.