Wale Kumi na Mmoja Wako Mapumzikoni

Wenzangu wa kalamu, ile picha mnaijua. Wanaume kumi na mmoja wamekaa kwenye boriti ya chuma, miguu inaning'inia hewani, na chini yao jiji la New York. Wawili wanawashiana sigara, wengine wana vyakula mikononi. Nimeikuta saluni, nimeikuta kwenye kalenda ya duka la vipuri. Na karibu kila hadithi ya kijana mwenzetu ninayopewa niisome, ikiwa ndani yake mna fundi wa vyuma, naikuta tena humo: fundi yuko juu, hana woga, kifua wazi, jasho linamchuruzika, jua linazama nyuma yake. Basi, imetoka hiyo. Huko juu anafanya nini? Mwandishi hasemi. Nadhani hajui, na hajajisumbua kuuliza.

Tuanze na picha yenyewe. Ilipigwa Septemba 20, 1932, ghorofa ya 69 ya jengo la RCA pale Rockefeller Center, likiwa bado mifupa. Wale watu ni mafundi kweli, hawakukodiwa. Ila shughuli ilipangwa ili kulitangaza jengo, na siku ileile walipigwa wengine wakijifanya wamelala usingizi juu ya boriti. Sisemi picha ni mbaya. Yule wa mwisho kulia, aliyeshika chupa na kuikazia kamera macho, nampenda sana. Ni kama anamwambia mpiga picha, na wewe nimeshakuona. Ninachosema ni kwamba tumejifunza kazi ya chuma kwa watu walio mapumzikoni.

Sasa mtafuteni Lewis Hine. Mzee huyu, ambaye miaka ya nyuma alizunguka Marekani akipiga picha za watoto waliotumikishwa viwandani, alikuwa na miaka hamsini na kitu alipopewa kazi mwaka 1930 ya kufuatilia ujenzi wa Empire State Building. Alipanda na mafundi jengo lilivyozidi kupanda, mpaka akaning'inizwa nje ndani ya kikapu ili apate anachokitaka. Na alichokitaka ni mikono. Kwake mtu anavuta waya, anakaza bolti, anaielekeza boriti inayoletwa na kreni. Hakuwa malaika; ile picha inayoitwa Icarus ina ushairi kuliko ninavyopenda. Lakini ukitazama ishirini hivi za kwake, unaijua kazi.

Chukua ribiti. Zamani, kabla bolti hazijachukua nafasi yake, kundi la ribiti lilikuwa watu wanne. Wa kwanza ana jiko dogo la makaa. Anaipasha ribiti mpaka iwe nyekundu, anaichomoa kwa koleo na kuirusha. Kuirusha, ndugu yangu! Chuma cha moto hewani. Wa pili anaidaka kwa kopo na kuitia tunduni. Wa tatu anakigandamiza kichwa chake kwa chuma kizito. Wa nne, upande wa pili, anauponda mkia kwa nyundo ya upepo mpaka nao uwe kichwa. Ikipoa inasinyaa, na kule kusinyaa ndiko kunakovibana vile vyuma viwili. Haya, niambieni, hapo kivumishi cha nini? Mmoja asipotokea asubuhi, watatu waliobaki wafanye nini? Hadithi imeshaanza, na jua halijazama popote.

Kwa maandishi, aliyefika karibu zaidi kwa maoni yangu ni Joseph Mitchell, mwaka 1949, katika makala aliyoiita "The Mohawks in High Steel". Inahusu Wamohawk wa Kahnawake, karibu na Montreal, Kanada, ambao tangu daraja la reli lililojengwa kwao mwaka 1886 wamekuwa mafundi wa vyuma, baba kwa mwana, hadi kwenye maghorofa ya New York. Uzuri wa Mitchell ni kunyamaza. Anamwachia fundi mstaafu aongee, kurasa kwa kurasa, naye hamkatizi ili aonyeshe kwamba amesoma. Ubaya wake ni kwamba anaipitisha, bila kuibana vya kutosha, ile habari ya wakubwa wa kampuni kuwa watu hawa hawakuogopa urefu hata kidogo. Magazeti yameitafuna habari hiyo tangu hapo. Wamohawk wenyewe wamesema mara nyingi kwamba wanaogopa kama wewe na mimi, ila wamejifunza kufanya kazi na hofu yao. Kumwambia mtu kuwa amezaliwa hana woga ni kumnyang'anya ufundi wake huku unampigia makofi.

Tena ni hatari. Agosti 29, 1907, daraja la Quebec, likiwa linajengwa, liliporomoka jioni, saa za kazi zikikaribia kwisha. Walikufa watu 75, na 33 kati yao walitoka Kahnawake. Kabla ya siku hiyo watu pale kazini walishaona vyuma vya chini vinapinda. Injinia kijana akasafiri hadi New York kumweleza mkubwa, Theodore Cooper. Cooper akapeleka simu ya maandishi kwa kampuni, kule Pennsylvania, uzito usiongezwe tena. Darajani haikufika kwa wakati. Tume ikaja kukuta kwamba uzito wa daraja lenyewe ulikadiriwa pungufu. Sasa ujasiri ungesaidia nini hapo? Aliyekosea alikuwa amekaa kitini, mbali, na kalamu mkononi.

Mwenyewe nilipata kibarua cha miezi michache, kuunga fremu za bohari. Boriti ikija huidaki kama mpira; unaiacha ikufikie, unachomeka mkia wa spana tunduni, unausukuma mpaka matundu yaonane, ndipo unatia bolti. Mikanda ya kujifunga ilikuwa miwili, sisi tuko sita. Msimamizi alikuwa akitusifu kuwa sisi wanaume kwelikweli. Sifa hizo nazikuta neno kwa neno kwenye hadithi zetu.

Na tusisingizie Kiswahili. Shafi Adam Shafi, katika Kuli (1979), aliwaweka wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948 katikati ya riwaya, si pembeni kama mapambo ya mtaa.

Mwezi uliopita nilipewa hadithi ya kijana mwenye kipaji, hilo sibishi. Fundi wake anateleza ghorofa ya tisa, anaanguka, mama analia, na mwandishi anaandika kwamba siku yake ilikuwa imefika. Nimeirudisha na maswali pembeni. Alikuwa anakanyaga nini? Boriti ilikuwa imetiwa bolti ngapi? Nani alimpa ishara mtu wa kreni aachie? Mkanda alikuwa nao nani siku hiyo?