Ivan, timu haitolewi uwanjani

Niseme mapema tusipotezeane muda: Ivan Vukomanović alichemka. Machi 3, 2023, kwenye uwanja wa Sree Kanteerava mjini Bengaluru, kocha wa Kerala Blasters aliwaita wachezaji wake watoke nje huku ubao ukisoma 1-0 kwa wenyeji Bengaluru FC na dakika 24 za muda wa nyongeza zikiwa bado hazijachezwa. Ilikuwa mechi ya mchujo ya Ligi Kuu ya India, ISL, isiyo na marudiano, na mshindi alikuwa anakwenda nusu fainali. Dakika 24 ni nyingi. Kuna timu zimechukua ubingwa kwa dakika tatu.

Najua mashabiki wa Blasters, watu wa njano, watakuja juu. Waje. Walimpokea kocha wao nyumbani Kochi kama shujaa, na mpaka leo ukimgusa huyu wanayemwita Aashan unatafuta ugomvi. Lakini huu ni uchambuzi, na goli lenyewe mmeliona mara nyingi kuliko mimi, kwa hiyo twende polepole pale penye ubishi.

Dakika 90 zimekwisha bila bao. Dakika ya 96 Bengaluru wanapata faulo nje kidogo ya boksi, na Sunil Chhetri yuko juu ya mpira. Adrian Luna wa Blasters anasogea kusimama mbele yake. Kipa Prabhsukhan Gill anahangaika na ukuta, anaita huyu asogee kushoto, yule arudi nyuma. Kisha Luna anaachia nafasi, na Chhetri, bila kusubiri filimbi, anauzungusha mpira kuelekea golini. Gill bado anapanga watu. Mpira wavuni, mwamuzi Crystal John anaonyesha kati.

Chhetri alieleza baadaye kwamba alimwambia mwamuzi hataki filimbi wala ukuta, na kwamba Luna alisikia ndiyo maana akaenda kumzibia. Hapo ndipo utetezi wa Blasters unapoanza kuvuja. Sheria ya 13 haimlazimishi mpigaji asubiri filimbi. Filimbi inakuwa lazima pale mwamuzi anaposimamisha mambo mwenyewe, kwa mfano anapopima umbali wa ukuta au anapotoa kadi. Kama hajafanya hivyo, mpira ukitulia na sehemu ni sahihi, piga. Mimi ningekuwa John ningepuliza, ningehesabu hatua na kujiepusha na fujo, hasa kwenye ligi isiyo na VAR. Busara ilimpungukia, sawa, lakini kukosa busara siyo kuvunja sheria. Kamati ya nidhamu ya shirikisho, AIFF, ilipopelekewa malalamiko iliyatupa ndani ya siku chache.

Wanaonisoma wanajua ugomvi wangu na makipa wanaopanga ukuta huku wameugeuzia mpira mgongo wa akili. Mkono mmoja kwenye mwamba, mdomo wazi, macho kwa mabeki. Nimelisema hili kwa miaka na nitalirudia: ukuta unapangwa na mchezaji wa nje anayemtazama kipa, na kipa anautazama mpira. Gill siyo kipa mbaya, msimu wa 2021–22 alichukua tuzo ya glovu ya dhahabu. Lakini usiku ule alikuwa anafanya kazi ya fundi mwashi huku mwenye nyumba kashaingia.

Na Luna. Huyu ndiye mchezaji bora aliyevaa njano tangu wakati wa Iain Hume, kwa hiyo namlaumu kwa adabu. Kwenye faulo kama ile, dakika kama ile, mchezaji wa aina yake hatoki mbele ya mpira. Anasimama, anauliza swali la kijinga, anafunga kamba ya kiatu. Mwamuzi atamfukuza, hatasogea, na mwishowe atapewa njano kwa kuchelewesha mchezo. Ndiyo hasa unachokitaka! Kadi ikishaanza kutolewa, ile faulo ya haraka imekufa. Mwamuzi anaandika, anapima, anapuliza, ukuta umekaa, kipa kakaa. Kadi moja ya njano, na nusu fainali bado iko mezani. Wachezaji wa zamani walilijua hili bila kufundishwa na kompyuta za benchi la ufundi.

Mpaka hapo ni makosa ya mpira tu, ya kawaida, hata Barcelona wamewahi kufungwa kona ya haraka na Liverpool wakiwa wamesimama wanatazamana. Barcelona wakaendelea kucheza, maana bado muda ulikuwepo. Vukomanović yeye akapunga mkono, wachezaji wakamfuata mpaka vyumbani. Watu wa Bengaluru wakabaki uwanjani wanapasha misuli na kutazamana. Ikasubiriwa kama dakika 20, halafu kamisaa wa mchezo akafunga hesabu: Bengaluru 1, Kerala 0.

Kinachoniuma siyo adabu. Kinachoniuma ni kwamba klabu hii, kuliko zote India, ndiyo isiyotakiwa kuzidharau dakika za mwisho. Historia yake yote iko humo.

Ilianzishwa Mei 2014, Sachin Tendulkar akiwa mmoja wa wamiliki, jina la Blasters likitokana na sifa yake kwenye kriketi. Msimu wa kwanza David James alikuwa kocha na kipa kwa wakati mmoja, jambo ambalo leo ukilipendekeza utapimwa akili. Nusu fainali wakaichapa Chennaiyin 3-0 Kochi. Marudiano Chennai, Jamie McAllister akala nyekundu mapema, wakabaki kumi, Chennaiyin wakarudisha moja, wakarudisha la pili, na Jeje Lalpekhlua akafunga la tatu dakika ya 90. Sasa fikiria hali ile. Umepoteza faida ya mabao matatu, uko pungufu, uwanja mzima unakupigia kelele, na mwamuzi huyo unaona kabisa hakupendi. Kama kuna siku ya kuondoa timu, ilikuwa ile. Hawakuondoka. Dakika ya 117 Stephen Pearson akafunga, wakaenda fainali.

Dakika ya 117! Vukomanović aliondoa timu dakika ya 96, na wachezaji wake wote 11 walikuwa wazima.

Fainali yenyewe, Mumbai, Desemba 20, 2014, waliipoteza kwa Atlético de Kolkata kwa kichwa cha Mohammed Rafique dakika ya 95, kutoka kwenye kona. Unaona? Mlango ule ule wa dakika za majeruhi uliowatoa Kolkata na kombe ndio walioufunga wenyewe Bengaluru.

Mwaka 2016 chini ya Steve Coppell ndio niliowapenda zaidi. Hawakuwa na mbwembwe. Mabeki wa kati Aaron Hughes na Cédric Hengbart, Sandesh Jhingan pembeni yao, timu inakaa nyuma ya mpira, inasubiri, C.K. Vineeth anamalizia. Fainali ikachezwa Kochi kwenyewe, dhidi ya Kolkata hao hao, njano mpaka kwenye ngazi. Hughes akaumia kipindi cha kwanza, Mohammed Rafi akafunga kwa kichwa, Henrique Sereno akasawazisha, matuta yakaamua. Hume, yule yule aliyekuwa mfalme wa 2014, sasa alikuwa na jezi ya Kolkata, na tuta lake likapanguliwa na Graham Stack, lakini Elhadji Ndoye akapaisha na la Hengbart likazuiwa kwa miguu. Kombe likasafiri tena kwenda Kolkata. Hakuna aliyekimbia. Hengbart alisimama pale akala machungu yake mbele ya umati.

Baada ya hapo klabu ikaingia kwenye ugonjwa ambao nimeupigia kelele tangu mwanzo: kusajili majina. Dimitar Berbatov, Wes Brown, René Meulensteen kwenye benchi, kisha James karudi, kisha Nelo Vingada, kisha Eelco Schattorie, kisha Kibu Vicuña. Kila msimu kocha mpya na falsafa mpya. Schattorie angalau alituonyesha Bartholomew Ogbeche akifunga mabao 15, naye akaondolewa. Jhingan, mtoto wa klabu tangu 2014, aliondoka 2020, na usiku ule wa Machi alikuwa mchezaji wa Bengaluru. Haya, endeleeni kununua majina.

Vukomanović aliikuta timu ya nafasi ya kumi akaifikisha fainali msimu wake wa kwanza. Kazi nzuri, hakuna ubishi.

Hata fainali hiyo, dhidi ya Hyderabad kule Fatorda, Machi 20, 2022, ilikuwa ya dakika za mwisho: K.P. Rahul alitangulia kufunga, Sahil Tavora akasawazisha dakika ya 88, na kipa wao Laxmikant Kattimani akapangua matuta matatu. Mtu aliyekaa benchi siku ile akaona dakika mbili zinavyoweza kumnyang'anya kombe, mwaka mmoja baadaye anatupa dakika 24? Alikuwa na Dimitrios Diamantakos mbele, mabao 10 msimu ule. Bengaluru ya Simon Grayson walikuwa wakishafunga wanarudi nyuma na mabeki watatu wa kati na kuachia pembeni. Krosi, kona, mipira mirefu, Luna na mguu wake wa faulo. Hata mimi ningepata njia ya kuwasumbua, achilia mbali kocha mwenye leseni ya juu.

Hapa huwa wananijibu: alikuwa anapigania haki, waamuzi wa India wamezidi. Waamuzi wamezidi kweli, na ligi iliyokuwa haishushi daraja nayo ilizalisha viongozi wanaofikiri pesa inasamehe kila kitu. Lakini Kerala kulikuwa na mpira kabla ya hii njano. Kerala Police, timu ya askari wenye mishahara ya askari, ilichukua Kombe la Shirikisho 1990 na 1991, ikiwa na V.P. Sathyan nyuma na kizazi cha I.M. Vijayan mbele, kwenye viwanja ambavyo leo hata mazoezi hawangekubali kufanyia. Na jirani wa Blasters, Gokulam Kerala, waliozaliwa 2017 bila Tendulkar wala Berbatov, walichukua Kombe la Durand 2019 na I-League mara mbili mfululizo, 2021 na 2022. Blasters mpaka Ivan anaondoka Aprili 2024, kabati tupu.

Tena wapinzani wao wa usiku ule ni darasa lingine. Bengaluru FC ni ya 2013, mkubwa wao kwa miezi tu, na mwaka wa kwanza chini ya Ashley Westwood walitwaa I-League. Nyuma walikuwa na John Johnson na Mkenya Curtis Osano, beki ambaye huku kwetu hatukumwimba vya kutosha. Timu ile ya Westwood ilikuwa ngumu, ya mazoezi, haina mtu wa kulalamika na mwamuzi zaidi ya sekunde mbili, maana mpira ulikuwa umeshaanza. Miaka mitatu baadaye Albert Roca akaipeleka fainali ya Kombe la AFC, ya kwanza kwa klabu ya India. Chhetri alikuwepo kote huko. Ile faulo ya haraka haikuokotwa njiani.

Adhabu ya Blasters ilikuja mwisho wa Machi 2023: klabu faini ya rupia milioni 40, kocha kufungiwa mechi 10 na faini ya rupia 500,000, pamoja na amri ya kuomba radhi hadharani. Wakaomba. Kuna waliosema adhabu ni kali. Waulize Mohun Bagan, waliogoma kurudi kipindi cha pili dhidi ya East Bengal Desemba 2012, baada ya Odafa Okolie kutolewa kwa nyekundu na Rahim Nabi kupigwa jiwe lililorushwa kutoka jukwaani. Wale mchezaji wao alipigwa jiwe, na bado walifungiwa misimu miwili kabla adhabu haijalegezwa ikawa faini na kukatwa pointi. Blasters walipigwa faulo.

Aprili ya mwaka ule ule, Kombe la Super, ratiba ikawakutanisha Blasters na Bengaluru tena, Kozhikode. Sare 1-1, Blasters nje, Vukomanović kafungiwa, msaidizi wake Frank Dauwen ndiye kasimama kwenye mstari.

Kifungo kiliendelea mpaka msimu uliofuata. Septemba 21, 2023, mechi ya ufunguzi Kochi, Bengaluru hao hao, mvua, na Dauwen tena kwenye benchi. Kezia Veendorp wa Bengaluru akajifunga. Kisha mpira ukarudishwa kwa kipa wao Gurpreet Singh Sandhu, akautuliza vibaya, na Luna, ambaye alikuwa amemfuata mpaka mlangoni wakati wengine wangeona hakuna maana ya kukimbia, akaunasa na kufunga. Curtis Main akapunguza dakika za mwisho, ikaisha 2-1. Kocha alikuwa hayupo kwenye eneo lake, na hakuna aliyetoka uwanjani kabla ya filimbi.