Mwenge, Nyota na Ngoma: Uhakiki wa Tambo Moja Kutoka Muyinga

Sauti ninayoihakiki hapa ina urefu wa dakika sita na sekunde chache. Aliirekodi mtoto wa mjomba wangu, mwanachuo wa Muyinga, akaituma kwenye simu yangu siku kumi kabla ya mechi kati ya wanachuo wao na sisi wa Gitega. Hasomi lugha wala fasihi, anasomea uhasibu. Kwa Kirundi yeye ni umuvyara wangu, na neno hilo silitaji kwa mapambo. Mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi wana ruhusa ya kutaniana mbele ya watu, na anayekasirika ndiye anayeonekana hana malezi. Kwa hiyo mara ya kwanza niliisikiliza nikicheka, sauti ikiwa juu, mbele ya wenzangu wanne bwenini. Nitarudi kwenye kicheko hicho.

Tulipoambiwa tuchague kazi ya fasihi simulizi ya kuhakiki, wengi darasani walichukua ngano na methali. Mimi nilipeleka simu. Mwalimu akauliza kama tambo za mpira ni fasihi au ni kelele tu. Lilikuwa swali la haki, maana nyingi ni kelele. Mfano ni tangazo la timu yetu wenyewe, lililobandikwa ukutani wiki hiyo hiyo: vijana wako vizuri, morali iko juu, ushindi ni lazima, mje kwa wingi. Ukifuta neno Gitega ukaandika Ngozi au Rutana, halipungukiwi na kitu. Tangazo hilo halijamtazama mtu yeyote, si wetu wala wa kwao.

Binamu yangu ametazama. Anaanza kwa kuwasalimu wazee wa Gitega kwa heshima zote na kuwapa pole mapema kwa msiba wa Jumamosi, halafu anawashauri waazime viti mapema kwa ajili ya waombolezaji. Baada ya hapo anaingia kwenye timu yetu, mtu mmoja mmoja, kama mhasibu anayepitia daftari la mdeni. Mshambuliaji wetu mrefu, anasema, huruka vizuri sana, tatizo ni kwamba huruka mpira ukishapita. Kiungo wetu ana pasi nzuri, lakini zote anampa rafiki yake. Beki wetu wa kushoto akipigiwa mpira nyuma yake hugeuka kama lori la Kobero linalotafuta maegesho. Nilicheka sana kwenye hilo la lori, kwa sababu nimesimama mpakani pale Kobero nikayaona yakigeuka.

Sasa niingie kwenye sehemu iliyonifanya niamini kwamba hii ni kazi ya kuhakikiwa. Klabu kubwa ya Gitega inaitwa Flambeau du Centre, yaani mwenge wa katikati ya nchi, na uwanja wa mji wetu unaitwa Ingoma. Muyinga wana Olympique Star, nyota, na uwanja wao ni Umuco. Wanachuo hawahusiani na klabu hizo, lakini kila mechi ya Gitega na Muyinga hurithi majina yake, hata ikichezwa kwenye kiwanja cha vumbi jekundu kisicho na nyavu. Binamu anasema mwenge ni kitu cha kuhurumiwa: mwaka 2022 uliwaka, mkatwaa ubingwa wa nchi, kisha mafuta yakaisha. Nyota haiombi mafuta kwa mtu. Hapo yuko kwenye uwanja wa kawaida wa sitiari, na jibu lake ni rahisi: nyota huonekana giza likiingia, na mwenye mwenge ndiye asiyeihitaji. Wenzangu walilipata jibu hilo kabla sauti haijaisha.

Lakini anaendelea. Anasema, kwa utulivu, bila kupandisha sauti: ngoma ikilia sana hupasuka. Kila anayejua Kiswahili anaijua methali hii. Kwa msikilizaji wa Dar es Salaam inamhusu mtu anayejisifu kupita kiasi, basi. Kwa Mrundi ina sakafu ya pili chini yake. Ingoma kwa Kirundi ni ngoma ya kupigwa, na ni utawala pia. Mfalme alitambulika kwa ngoma, na Gishora, patakatifu pa ngoma hizo, ni kilomita chache tu kutoka hapa chuoni. Ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014, na tangu mwaka 2019 Gitega ndiyo makao makuu ya kisiasa ya nchi. Kwa maneno manne ya Kiswahili binamu ameugusa uwanja wetu, ngoma zetu, na hadhi mpya ya mji wetu ambayo sisi wenyewe hatuachi kuwakumbusha watu wa mikoani. Sijui kama aliyapima yote hayo. Nilipomuuliza alicheka tu. Mhakiki halazimiki kungoja ushahidi wa msanii. Maneno yamesemwa, na sikio la Kirundi limesikia mara mbili kilichosemwa mara moja.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema tungo za Kiswahili za huku bara ni mwangwi wa pwani. Ni kweli desturi ni ya zamani na pwani inaijua vizuri. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, alirushiana mashairi na watu wa Lamu katika uhasama ulioishia kwenye vita vya Shela mwanzoni mwa karne ya 19, na upande wa pili Bwana Zahidi Mngumi hakukaa kimya. Tungo zile nazo zilikuwa utabiri wa pambano uliotolewa na upande wa pili: zilimchambua adui, zikamtisha, zikamwambia atakavyoanguka. Ila methali ya ngoma isingeweza kuuma hivi Lamu. Inauma Gitega kwa sababu inasemwa kwa lugha moja na kusikiwa kwa mbili.

Kwa nini basi hakurekodi kwa Kirundi? Kwa sababu huku kwetu mpira unatambiwa kwa Kiswahili. Tumelelewa na redio na runinga za Tanzania, na chuoni ukiuliza mtu ni wa timu gani, anaweza kukujibu Simba au Yanga kabla hajakumbuka timu ya mkoa wake. Lugha hiyo ya tambo ina uzuri wake na ina deni. Agosti 2024 Vital'O, bingwa wetu, timu iliyofika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1992, ilipangiwa Yanga katika Ligi ya Mabingwa. Nchini hapakuwa na uwanja ulioidhinishwa na CAF, kwa hiyo hata mechi ya "nyumbani" ilichezwa Dar es Salaam. Tulizisikiliza tambo za watani siku kadhaa mfululizo, tukazirudia chuoni kwa lafudhi ya Kariakoo, tukacheka. Kisha ikawa nne bila, na marudiano sita bila. Ninachokikumbuka zaidi ni kwamba tulikuwa tumecheka upande usio wetu, kwa sababu maneno matamu yalikuwa upande huo. Warundi wameng'ara katika utani ule wa Simba na Yanga, lakini kwa miguu: Amissi Tambwe alikuwa mfungaji bora akiwa Simba msimu wa 2013/14, kisha akiwa Yanga 2015/16, Saidi Ntibazonkiza alipita Yanga, akaenda Simba, na mwaka 2023 akamaliza na mabao 17 sawa na Fiston Mayele. Waliowakejeli Jumatatu walilazimika kuwasifu msimu uliofuata. Ni katika maneno tu ndipo bado tunaazima, na sauti ya binamu yangu ni moja ya chache nilizosikia ambazo hazikuazima.

Baada ya kusifu, nije kwenye dakika ya tano.

Golikipa wetu alikulia kambini, Mtabila, upande wa Kigoma, hadi kambi ilipofungwa mwaka 2012 na familia yake ikarudishwa. Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha sisi sote tunaokisomea, na kwa sababu hiyohiyo wapo wanaomwita Mswahili kwa namna isiyo ya sifa. Binamu, aliyesikia habari zake kutoka kwangu, anasema: huyu msimwogope, kudaka alijifunza kwenye foleni ya mgao, na siku mgao ukichelewa hadaki kitu. Kwa fani peke yake mstari huu ni bora kuliko ule wa lori. Una taswira, una kinaya, una mdundo. Neno mgao linajirudia na mara ya pili linageuka dhidi ya mtu. Nami nilicheka. Wanne wote tulicheka. Golikipa alikuwa kitanda cha juu, akisoma, na hatukujua kwamba hajalala.

Alishuka, akaomba aisikie tena sehemu hiyo. Aliisikiliza, akanirudishia simu, akavaa viatu akaenda mazoezini saa moja kabla ya wakati.

Wanafunzi wa fasihi tuna kinga moja tunayoipenda: tunasema ni utani, na utani una leseni. Radcliffe-Brown aliandika mwaka 1940 kwamba katika uhusiano wa utani mmoja anaruhusiwa, na pengine kutakiwa, kumdhihaki mwenzake, na huyo hatakiwi kuudhika. Sawa. Lakini leseni hutolewa kwa watu fulani dhidi ya watu fulani. Binamu ana leseni ya kunikejeli mimi, ukoo wangu, mji wangu na mwenge wake uliokosa mafuta. Kwa golikipa hana. Hawajaoa kwao, hawajapakana, hawajazikana. Beki wa kushoto anakejeliwa kwa jambo alilofanya uwanjani, naye anaweza Jumamosi kugeuka haraka akatufurahisha. Golikipa hawezi kudaka mpira wowote utakaofuta foleni ya mgao. Na katika nchi ambayo karibu kila ukoo una mtu aliyewahi kukimbia, kuliita jambo hilo kichekesho ni kuamua kwamba anayehusika ni wa kando.

Hivyo hukumu yangu juu ya kazi hii haiwezi kuwa moja. Ni tambo iliyotungwa kwa jicho kali na sikio la lugha mbili, na dakika yake ya tano ni mbovu. Sisemi ni mbovu kwa maadili tu huku fani ikiwa salama. Ni mbovu kama tambo pia, kwa sababu hapo mtungaji ameacha kututabiria mechi. Dakika nne nzima alikuwa amewatazama wachezaji. Hapa alirudia alichoambiwa. Na aliyemwambia ni mimi, mwezi Desemba, nikijigamba kwamba tuna golikipa aliyetoka mbali.

Nilimpigia simu. Nilimwambia habari ya kitanda cha juu. Alinyamaza muda mrefu kuliko ilivyo kawaida yake, kisha akauliza jina la golikipa, jina lake hasa, kwa sababu kwenye sauti nzima alikuwa amemwita "huyu". Nilimpa. Walichozungumza wawili hao sikijui, na hakiingii kwenye uhakiki wangu.

Linaloingia ni la beki wa kushoto. Jumatano nilimpelekea kocha wetu dakika ya tatu ya sauti ile, bila dakika ya tano. Aliirudia mara mbili kwa makini ambayo tangazo letu la ukutani halijawahi kuyapata, halafu akamhamishia beki yule kulia na kumweka kushoto kijana wa mwaka wa kwanza mwenye mbio. Mechi ni keshokutwa saa tisa. Watu wa Muyinga watakuja kwa basi kupitia Karusi, na binamu ameniomba nimwekee kiti kivuli kilipo. Habari ya beki sijamwambia.