Sarufi ya Mji na Kalamu Nyekundu: Kuhusu Kitabu «Le swahili de Lubumbashi»

Yanapotajwa matunda ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi katika uwanja wa lugha na fasihi, majina mawili hutangulia midomoni mwa wanafunzi wetu. La kwanza ni la V. Y. Mudimbe (1941–2025), mzaliwa wa Likasi, aliyefundisha hapa katika miaka ya 1970, na ambaye kitabu chake «The Invention of Africa» (1988) kimesomwa mbali sana na Katanga. La pili ni la Fiston Mwanza Mujila, mwanafunzi wa zamani wa fasihi mjini hapa, mwandishi wa riwaya «Tram 83» (2014). Ni haki watajwe, nasi twajivunia. Hata hivyo, mwaka uleule wa 2014 ilitoka kazi nyingine ambayo haikupigiwa vigelegele, ingawa yatuhusu sisi watu wa isimu kuliko hizo zote: «Le swahili de Lubumbashi: grammaire, textes, lexique», ya Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa, iliyochapishwa na Karthala mjini Paris. Kalunga na Mulumbwa ni walimu wa Lubumbashi. Ferrari naye alikuwa amekwisha kutoa, mwaka 2012, kitabu juu ya Sheng ya Nairobi, yaani lugha nyingine iliyozaliwa mjini.

Msomaji aweza kuuliza: kwa nini kurudia leo kitabu cha zaidi ya miaka kumi? Jibu ni kwamba mwaka 2022 nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tangu hapo maneno «Kiswahili sanifu» yanasikika zaidi katika mazungumzo yetu. Nafurahia jambo hilo. Lakini nahofia kwamba, kwa haraka yetu ya kuwafundisha vijana lugha ya jirani, tutawafundisha tena kuionea haya lugha ya nyumbani kwao. Kitabu hiki ni silaha dhidi ya aibu hiyo, kama tutajua kukitumia.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kabla ya kuwa asistenti nilifundisha katika shule moja ya sekondari. Siku moja mwanafunzi aliandika juu ya baba yake sentensi mbili: «Baba yangu anatumika mu mugodi. Bantu benye kutumika kule bako mingi.» Nilichukua kalamu nyekundu, nikafuta, nikaandika juu yake: «Baba yangu anafanya kazi katika mgodi. Watu wanaofanya kazi kule ni wengi.» Mtoto alitazama daftari lake, kisha akauliza kwa adabu: «Mwalimu, baba anasemaka vile. Anakosaka?» Nilikuwa na lisansi ya isimu, lakini sikuwa na jibu.

Na tuzichunguze sentensi zake, kwa kuwa ndipo umuhimu wa sarufi ya mji unapoonekana.

Neno la kwanza ni «bantu». Mwalimu wa sanifu huliona kuwa «watu» lililoharibika. Historia ya lugha yasema kinyume. Wanaisimu wanaolinganisha lugha za Kibantu wamekubaliana kwamba kiambishi cha kale cha ngeli ya watu katika wingi ni «ba-», na kwamba shina la neno hilo lilikuwa na sauti ya «nt». Pwani ndiyo iliyobadilisha: «ba-» ikawa «wa-», «nt» ikawa «t», na «mu-» ya umoja ikafupishwa kuwa «m-». Katika Lubumbashi, mji uliojengwa na watu waliosema Kiluba, Kibemba, Kisanga na lugha nyingine za jamaa hiyo, umbo la kale lilipata watetezi wengi. Kwa hiyo kalamu yangu nyekundu ilifuta umbo la zamani ili kuweka lililo jipya, nami nilidhani naondoa uchafu.

Neno la pili ni «benye kutumika». Hapa mji umechagua «-enye» pamoja na kitenzi-jina ili kufanya kazi ambayo sanifu huifanya kwa «-o» ya urejeshi ndani ya kitenzi. Pwani nako husema «wenye kufanya kazi». Mji umechukua njia hiyo iliyokuwapo, ukaipanua. Tena «benye» imefuata «bantu», na «bako» vilevile. Upatanisho huo ni dalili ya kanuni. Mtu asemaye ovyo hawezi kuutunza.

Neno la tatu ni kitenzi «kutumika» chenyewe. Kwa msikilizaji wa Dar es Salaam, «anatumika» ni hasa mtu au kitu kinachotumiwa na mwingine. Kwa Lubumbashi ni kufanya kazi, hususa kazi ya mshahara. Tofauti hii ni ya maana, nayo haifahamiki bila historia ya mji. Union Minière iliundwa mwaka 1906, reli ikafika Elisabethville mwaka 1910, na tangu hapo maelfu ya wanaume waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai na Ruanda-Urundi ili kutumwa kazini. Johannes Fabian, katika «Language and Colonial Power» (1986), ameonyesha jinsi Kiswahili cha Katanga kilivyokua ndani ya mipango ya kazi na utawala, zaidi ya kuwa urithi wa misafara ya biashara tu. Leksiko ya mji haiwezi kufasiriwa kwa kamusi ya Unguja peke yake. Yadai kusomwa pamoja na historia ya mgodi.

Mwisho, lile swali la mtoto: «anasemaka», «anakosaka». Kiishio hicho cha mazoea, ambacho sanifu hukieleza kwa «hu-», kina ndugu katika lugha nyingi za Kibantu. Mtoto alinikosoa kwa sarufi timamu kabisa.

Sifa ya kwanza ya kitabu, basi, ni kwamba kimeweka mambo ya namna hii mahali pake: sarufi, kisha matini, kisha leksiko. Mpangilio huu ni wa lugha kamili. Sifa ya pili ni kwamba walimu wa hapa wamo miongoni mwa waandishi. Tukumbuke ni nani waliotutangulia kueleza usemi wetu. Edgar Polomé, aliyefundisha Elisabethville kabla ya uhuru, alitoa makala yake juu ya Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968, kwa Kiingereza. Walter Schicho aliandika juu ya sintaksia yake mwaka 1982, kwa Kijerumani. Tasnifu ya Kapanga juu ya Kiswahili cha Shaba, ya mwaka 1991, iliandikwa Marekani, kwa Kiingereza. Zote ni kazi za kuheshimiwa. Lakini mwaka 2014 mwenye lugha alikaa mezani kama mwandishi, akatoka katika nafasi ya mtoa habari. Hili ni tendo la kitaaluma, na pia la heshima.

Baada ya sifa, nina maswali mawili.

Swali la kwanza lahusu mipaka. Mtu wa komini ya Kenya au Katuba hana Kiswahili kimoja. Asubuhi sokoni husema kwa namna moja. Jumapili humsikia mhubiri akitafuta «Kiswahili bora». Mwanawe jioni huongea kindubile na wenzake. Na mwanafunzi wa Kasapa huanza sentensi kwa Kiswahili na kuimaliza kwa Kifaransa. Kila sarufi ya lugha ya mji hulazimika kukata mahali fulani, na kila mkato huacha watu nje. Siwalaumu waandishi kwa kukata. Bila mkato hakuna sarufi. Nawatahadharisha wasomaji, hasa wanafunzi wanaoanza memwari zao: msikifanye kitabu hiki kuwa kalamu nyekundu mpya. Tukianza kusema kwamba fulani «hasemi Kiswahili halisi cha Lubumbashi» kwa kuwa umbo lake halimo kitabuni, tutakuwa tumebadilisha hakimu tu na kuiacha hukumu ileile.

Swali la pili ndilo zito zaidi kwangu, nalo lanihusu mimi pamoja na wenzangu wote kuliko waandishi hawa watatu. Kitabu kimeandikwa kwa Kifaransa. Najua sababu: mchapishaji yuko Paris, wasomaji wa taaluma wako katika nchi nyingi, na masomo yetu yenyewe hutolewa kwa Kifaransa. Lakini tazameni matokeo. Katika maandishi yetu ya isimu, Kiswahili huonekana ndani ya mifano yenye nambari, kikiwa kimekatwa vipande na kutafsiriwa chini. Ni kama shahidi anayeletwa barazani, akaulizwa maswali kwa lugha nyingine, akajibu neno moja moja, kisha akaambiwa akae.

Linganisheni na maandishi ambayo kila mwanafunzi wetu angepaswa kuyasoma: «Vocabulaire de ville de Elisabethville», yaliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, na kutolewa upya na Fabian mwaka 1990 pamoja na maelezo ya kiisimu ya Schicho. Kichwa chake ni cha Kifaransa, lakini mwili wake wote ni Kiswahili cha mji. Ndani yake Kiswahili chasimulia kuanzishwa kwa Elisabethville, chataja mabwana na watumishi wao, chahukumu ukoloni. Maandishi hayo hayakungoja idhini ya chuo kikuu. Nasi wenye vyeo na maktaba, miaka mingi baadaye, bado twauliza kama lugha hii yaweza kubeba fikira!

Wengine watajibu kwamba istilahi hazipo. Jibu hilo halisimami tena. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa «Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha» mwaka 1990. Ngeli, kiambishi, upatanisho, sintaksia: maneno yapo, na makala hii imeyatumia bila taabu. Wengine watasema kwamba nami naandika kwa sanifu huku nikiutetea usemi wa mji. Ni kweli, wala sioni ubaya. Sanifu ni chombo changu cha kuzungumza na msomaji wa Bujumbura, Kigoma na Nairobi. Usemi wa mji ni lugha niliyolelewa nayo. Ninachokataa ni kimoja kutumiwa kukifedhehesha kingine.

Kutokana na hayo natoa mapendekezo matatu kwa walimu na wanafunzi. Kwanza, sanifu ifundishwe kwa kulinganisha: anayejua kwamba «ba-» yake ni kanuni atajifunza «wa-» kwa haraka na bila haya. Pili, kila memwari juu ya Kiswahili iwe walau na sura moja iliyoandikwa kwa Kiswahili, pamoja na hitimisho. Tatu, sehemu ya matini ya kitabu hiki iendelezwe na wanafunzi wenyewe. Wanapokwenda likizoni Likasi, Kolwezi au Kipushi, wawasikilize wazee waliotumika migodini, wayaandike masimulizi yao kama yalivyosemwa, kisha wayachambue kwa lugha hiyohiyo. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na leksiko ya kazi yao huzikwa pamoja nao.

Tunawapongeza Ferrari, Kalunga na Mulumbwa kwa kazi kubwa ya ustadi na subira. Wametupatia jibu ambalo sikuwa nalo siku ile darasani. Yule mwanafunzi wangu ni mtu mzima sasa, wala sijui kama amelihifadhi daftari lake. Kama lingenirudia mkononi, ningeiacha sentensi yake ilivyo, nikaandika ya sanifu kando yake, na kati ya hizo mbili nikaeleza kanuni. Kisha ningemjibu alichouliza: hapana, baba hakosaki.